Theluji Chini ya Hekalu

Mimi nimekaa Ulaya, tena si kwa kupita. Nimewaona wauza maua wa Stockholm, wa Kopenhageni na wa Hamburg, na nimesimama mbele ya vibanda vyao katika baridi ambayo wengi wenu hapa Singida hamtaijua, nanyi mshukuruni Mungu kwa hilo. Wote wana desturi moja. Mteja akija, muuzaji huchomoa ua, hulipeleka puani, hufumba macho, kisha humpa mteja naye anuse. Ndivyo biashara ile inavyokwenda. Katika miaka yangu yote kule nilimjua mmoja tu ambaye hakunusa. Alilishika ua kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuzia dirishani, na akipita kati ya ndoo za maua alibana pumzi.

Duka lilikuwa Farsta, kusini mwa jiji, hatua chache kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi. Yeye alitoka Seiloni, nchi ambayo siku hizi inaitwa Sri Lanka. Sisi wanafunzi tulimwita Mama, na tukiwa peke yetu tulimwita Muuza Maua. Jina lake nalijua, lakini nitaliacha likae. Alipenda mtu amjue kwa kazi yake.

Nilifika Farsta mwishoni mwa miaka ya sitini na sanduku la bati na koti la kupewa na wamisheni. Sikupelekwa na mjomba waziri. Nilipelekwa na kichwa changu. Nilisomea ujenzi, na katika darasa la Waswidi watupu nilikuwa wa kwanza au wa pili, na pale nilipokuwa wa pili, yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mkandarasi. Chumba changu kilikuwa ghorofa moja na cha Muuza Maua, mlango ukitazamana na mlango. Hata hivyo sikuonana naye ngazini kwanza. Tulikutana dukani, siku nilipoingia kupasha vidole moto, nikainamia ndoo ya maua meupe iliyowekwa kando ya mashine ya kuhesabia fedha.

"Acha!" alisema kwa Kiswidi. "Ndoo hiyo usiinuse."

"Nanusa tu, Mama. Sinunui."

"Ungenunua ningekuruhusu. Kunusa sikuruhusu."

Mtu mwingine angetoka nje amenuna. Mimi nina udadisi, na ndio ulionifikisha nilipofika. Nikamuuliza sababu. Akaniambia kwamba maua ya ndoo ile jioni yangekwenda nyumbani kwake, mbele ya picha ya Budha, na ua la kutolewa kwa Budha halinuswi kabla.

"Ukimpelekea mkubwa chakula," aliniuliza, "unaonja kwenye sahani yake?"

"Naonja kwenye sufuria."

"Sawa. Lakini ua halina sufuria."

Nikamwuliza kwa nini basi hanusi hata yale ya ndoo nyingine, yanayouzwa. Akasema kwamba asubuhi hajui jioni atachagua lipi. Kwa hiyo aliyaheshimu yote. Mwenye duka, mama wa Kiswidi mwenye sauti nene, alilalamika kwamba wateja watadhani maua yananuka vibaya. Ikawa kinyume. Wazee wa Farsta walikuja kwake kwa sababu hiyo hiyo. Nilimsikia mmoja akimwambia mke wake, "Nunua kwa huyu. Haya hayajatumiwa."

Hakuwa mtu wa kuelezeka kwa neno moja. Dini yake inakataza kuua, naye aliwakinga sisimizi wa roshani yake kwa kuwawekea sukari mbali na mlango, lakini samaki alikula, tena kwa furaha. Nilipomkabili kwa hoja hiyo, alinijibu, "Mimi sikumvua." Aliwahubiria wote kwamba hasira ni moto unaomuunguza aliyeushika, na siku hiyo hiyo alimmwagia mlevi ndoo nzima ya maji ya maua pale kituoni kwa kumvuta sari. Sari yenyewe aliivaa mwaka mzima. Wakati wa baridi aliivalia koti la kiume juu na mabuti ya wafanyakazi wa barabara chini, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Nyumbani kwake palikuwa na fumbo jingine. Kochi halikutazama televisheni. Lilitazama ukuta mtupu, na mwenye kutaka kuona picha ilimbidi apinde shingo. Nilichukua muda kuelewa. Rafu ya Budha ilikuwa pale ilipokuwa televisheni, juu zaidi, na kwao mtu hamnyooshei Budha miguu. Kochi likigeuzwa, kila mwenye kupumzika angemnyooshea. Kwa hiyo mama huyu, aliyependa mchezo wa magongo ya barafuni kuliko mwanaume yeyote wa jengo lile, aliutazama ubavu ubavu, akipiga kelele, shingo imekwenda upande. Nilimwambia ahamishe televisheni. Akasema soketi ya umeme ilikuwa ukuta ule mmoja tu, na kwamba mtu mwenye shingo hana shida.

Aliniita putha, yaani mwanangu kwa lugha yao. Jioni, akishapanga maua kwenye rafu, alisoma maneno kimya kimya. Nilimwomba anieleze maana. Alisema ni maneno ya kumkumbusha mtu kwamba ua hili litanyauka, na mwili huu utalifuata. "Ndiyo maana hatuweki maua ya plastiki," alisema. "Plastiki inadanganya."

Basi nikifika kwenye jambo lililonifanya nisimulie, ni lile hekalu la kijijini kwao. Kila mazungumzo yaliishia huko. Ukiongea naye juu ya mvua, utasikia jinsi mvua ilivyolia juu ya vigae vya hekalu. Ukimsifia wali, utasikia wali uliopelekwa kwa watawa asubuhi. Mimi, kwa kuwa nyumba ndiyo kazi yangu, nilimuuliza linafananaje, nikitazamia kusikia marumaru na dhahabu. Alicheka.

"Ni la udongo, putha. Udongo na fito."

Sikuamini. Nilimhoji kama wakili. Akanieleza: mawe mafupi yamesimamishwa ardhini, kimo cha goti. Juu ya mawe yamelazwa magogo. Juu ya magogo, sakafu ya mbao. Juu ya sakafu, kuta za fito zilizokandikwa udongo, chumba kimoja kidogo, na paa la vigae lenye upana wa kuzifunika kuta kama kofia. Ndani, Budha ameketi, na kuta zote zimechorwa wafalme, tembo, mikokoteni na watu wakiadhibiwa kwa dhambi zao. Chini kabisa ulikuwapo mstari wa mayungiyungi.

"Udongo gani?" nilimuuliza.

"Wa kichuguu. Unachanganywa na pumba za mpunga, pamba, asali ya porini na utomvu wa mti."

Hapo nilisimama. Mimi nimezaliwa kwenye tembe, na sakafu ya bibi yangu ilikuwa ya udongo wa kichuguu. Asali hatukuweka, asali tulikula. Lakini kichuguu ni kile kile. Nilikuwa nimesafiri hadi ncha ya dunia kujifunza zege, na hapo mlango wa pili nikakuta mtu anayesifu nyumba ya bibi yangu kama wengine wanavyosifu ikulu.

Historia yake aliisimulia kwa namna zaidi ya moja, na nilipomwonyesha kwamba hazilingani, hakushtuka. Mara ilikuwa kwamba ofisa wa mfalme aliugua akipita kijijini, wakampa maji na dawa, akapona, akaamuru lijengwe. Mara nyingine kijiji kilikuwa kimelijenga chenyewe, na ofisa alikuja baadaye akadai sifa. "Hii ya pili naiamini zaidi," alisema, "nimewajua maofisa." Mawe ya chini yalikuwa ya kale kuliko hekalu lenyewe. Yalitolewa porini kwenye jengo lililokuwa gofu hata kwa babu zao, na upande mmoja yamechongwa maua, lakini mafundi waliyageuza nakshi ikaelekea ndani, gizani, chini ya sakafu. Hakuna ajuaye kwa nini. Watoto walijipenyeza chini kuyapapasa.

Kila ukoo pale ulikuwa na wajibu wake. Mmoja ulileta mafuta ya taa, mmoja ulipiga ngoma, mmoja ulitengeneza vigae. Ukoo wake ulileta maua. Mama yake aliketi kila mara mahali pamoja, kushoto kwa mlango, karibu na yungiyungi lililochorwa jani lake moja limekosewa. Muuza Maua alipoondoka kwenda ughaibuni, alimwahidi mtawa mzee kwamba atarudi akae mahali pale pa mama yake, aweke maua kwa mikono yake. Miaka ikapita. Ndege aliziogopa kuliko zile adhabu za ukutani. Nilipomchokoza alikuwa na jibu moja: "Nitakwenda mwakani. Hekalu halikimbii."

Vuli moja alitembelewa na mpwa wake, baharia wa meli ya mizigo iliyotia nanga Stockholm. Alikuwa kijana mchangamfu, suruali yake pana chini kama mtindo wa siku zile. Nilialikwa chakula, pamoja na Wambui, dada wa Kikenya aliyesomea uuguzi, ambaye alikaa ghorofa ya chini yetu na hakuwa na haya ya ulimi. Tulikula wali na samaki. Mpwa alikuwa mjumbe wa kamati ya hekalu kila alipokuwa nchi kavu. Alipomaliza kula alinawa, akasema kwa Kiingereza, ili sote tusikie:

"Shangazi, baada ya sikukuu ya mwezi mpevu wa Mei tunalivunja."

"Mnavunja nini?"

"Hekalu la zamani. Ukuta wa magharibi umeinama. Mtoto akiuegemea, unaanguka naye."

"Basi watoto wasiegemee."

"Shangazi, kijiji cha ng'ambo ya mto wana hekalu la saruji lenye taa za rangi. Wanatucheka. Wanasema tunamweka Budha kwenye banda la kuku."

"Banda la kuku," alirudia Muuza Maua taratibu. Aliweka kijiko chini. "Na wewe uliwajibu nini?"

"Ningewajibu nini? Kuku kweli walikuwa wanalala pale chini. Mpaka kamati ilipoziba uwazi wote kwa saruji, kati ya mawe, pande zote. Pakawa pazuri, pasafi. Basi tumalizie kazi." Akanigeukia. "Muulize huyu ndugu. Si anasomea saruji?"

Wote walinitazama. Muuza Maua hakuniomba kwa maneno, lakini nilimwona mikono yake ikikunja pindo la sari, ikikunjua, ikikunja tena.

"Saruji naijua," nilisema. "Nyumba hiyo siijui. Siwezi kumhukumu mgonjwa nisiyemwona."

"Daktari wa nyumba huyo," alisema Wambui. "Hata cheti hana bado, lakini ameanza kukataa wagonjwa."

"Sijakataa. Nataka nimwone. Mama, utanieleza, nami nitamchora."

Mpwa aliahidi kuwazuia wenzake mpaka hiyo Mei, si zaidi, akarudi melini. Nasi tukaanza. Majira yote yale ya vuli, jioni, nilitandaza karatasi juu ya meza yake. Vipimo alinipa kwa mwili. Mlango ulikuwa wa mtu kuinama. Upana wa chumba ulikuwa wanawake watano wameketi magoti yakigusana, na mmoja wao mnene. Ukuta ulipoishia, ndipo mama yake alipofika akiinua mkono kumwonyesha tembo mweupe. Nilivigeuza vyote kuwa sentimita. Vya chini alivikumbuka vyote hadi ufa. Vya juu vilimpiga chenga, kwa sababu maisha yake yote mle alikuwa ameketi. Mwalimu wangu wa michoro aliiona ile karatasi akaipeleka kwa walimu wenzake. Sijisifu. Ilikuwa nzuri.

Lakini ugonjwa sikuuona. Nilihesabu mzigo wa paa, nikahesabu magogo, na kila hesabu iliniambia nyumba ile isimame. Ilikuwa imesimama tangu enzi za wafalme. Kwa nini iiname sasa?

Ikaja Krismasi. Waswidi, kama mnavyojua nyinyi niliowasimulia, hujenga vijumba vya biskuti ngumu ya tangawizi na mdalasini, wakavipamba kwa sukari. Wambui alikuwa amejifunza hospitalini kwa wauguzi wenzake. Aliuazima mchoro wangu bila kusema wa nini, na mkesha wa sikukuu akapanda ngazi amebeba sinia. Juu ya sinia lilisimama hekalu. Kuta za biskuti, paa la biskuti lililochorwa vigae kwa uma, magogo ya biskuti, na mawe ya chini yalikuwa vipande vya sukari. Alikuwa amefuata mchoro wangu barabara, ila mahali pawili. Ndani alikuwa ameketisha Budha mdogo wa marzipani. Na kwa kuwa ilikuwa Krismasi ya Uswidi, alikuwa ameijaza sukari laini nyeupe chini ya sakafu, kati ya mawe.

"Hiyo nini?" nilimuuliza.

"Theluji."

"Theluji Seiloni?"

"Si iko hapa Farsta? Hekalu likija Farsta litapigwa na theluji kama sisi. Hata hivyo sukari iliniishia, upande wa nyuma sikuweka. Usigeuze sinia."

Muuza Maua aliliangalia kwa muda mrefu. Akachuchumaa, akachungulia mlangoni kwa jicho moja. Alipoinuka, uso ulikuwa umelowa, na alimkumbatia Wambui mpaka miwani ikapinda. Halafu akachukua sinia kwa mikono miwili akaliweka juu ya kabati la jikoni, mahali pa juu kuliko vichwa vyetu.

Hapo kosa lilikuwa limekwisha kutendeka, nasi hatukujua. Katikati ya Januari Waswidi hufunga Krismasi: mti hutupwa nje, na kijumba cha biskuti huvunjwa kikaliwa. Wambui alipanda na chai yake na kisu.

"Mama, leo ndiyo siku. Tuanze na paa?"

"Paa la nini?"

"La biskuti."

"Mwanangu," alisema Muuza Maua, "umemketisha nani mle ndani?"

Wambui alishusha kisu. Alinitazama mimi, nami nikatazama dirishani.

"Ni marzipani tu, Mama. Lozi na sukari."

"Na kule kwetu ni udongo tu. Hekalu likishakuwa na mwenyewe, haliliwi. Wala halitupwi. Kunywa chai yako."

Likabaki. Kila mtu aliyeingia jikoni mle aliambiwa avue kofia. Chini ya kabati hilo palikuwa na jiko la umeme, na juu ya jiko sufuria ya wali, kila siku ya Mungu, ikitoa mvuke. Mwezi wa Machi nikiwa nimekaa nasubiri chakula, niliona ukuta wa mbele wa hekalu umeinama. Nikapanda kiti. Upande ule wenye theluji ya Wambui, sukari ilikuwa imenyonya mvuke, imelowa, na imeshikana na sakafu. Biskuti ya sakafu ilikuwa laini kama uji, na ukuta juu yake umelala. Nikageuza sinia, kitu nilichokatazwa. Upande wa nyuma, kule ambako sukari ilimwishia, mawe yalisimama wazi, hewa inapita, na sakafu ilikuwa kavu kama siku ya kwanza.

Nilibaki pale juu ya kiti. Nilimkumbuka yule baharia akinawa mikono: kamati iliziba uwazi wote kwa saruji. Sikuwa nimeuchora uzibaji ule, kwa sababu Muuza Maua hakuwahi kuuona. Hekalu nililolichora lilikuwa zima. Lililokuwa likianguka lilikuwa lingine.

"Mama!" niliita. "Ukuta ule ulianza kuinama kabla kuku hawajafukuzwa, au baada?"

Alitoka chumbani na maua mkononi. Alifikiri. "Kabla sijasikia habari ya kuku, sikuwahi kusikia habari ya ukuta."

Nikamweleza, na hapa nawaeleza nyinyi pia, maana nimeona majumba mangapi hapa nyumbani yakifa kwa ugonjwa huo huo. Ardhi ina maji. Wale mafundi wa zamani waliinua nyumba juu ya mawe ili upepo upite chini ukaushe magogo, na ili mchwa akipanda aonekane juu ya jiwe, afagiliwe. Saruji iliufunga upepo. Unyevu ukapanda, ukabaki kwenye magogo. Na mchwa akapewa ngazi yenye giza, akapanda bila kuonwa na mtu. Saruji si mbaya, mimi imenilisha. Lakini iliwekwa mahali ambapo hapakutakiwa kitu chochote.

"Kwa hiyo kuku walikuwa na haki," alisema Muuza Maua.

"Kuku walikuwa na haki."

Nilichora karatasi mpya: saruji ivunjwe yote, ukuta ushikiliwe kwa miti, magogo yaliyooza ya magharibi yabadilishwe moja moja, uwazi uachwe wazi milele. Nikaandika chini jina langu kamili na chuo changu. Yeye akaongeza mstari mmoja kwa maandishi yao ya duara, akakataa kuniambia ameandika nini. Tukaiposti. Mei ikapita bila jibu. Juni nikapata diploma yangu, ile inayoning'inia sebuleni mnayoiona, na ndege ikanirudisha nyumbani.

Mengine mnayajua. Nimekuwa Singida, Mpwapwa, Shinyanga, nikijenga shule, zahanati na madaraja, na daraja langu hata moja halijaanguka. Kwa kuhamahama, barua za Ulaya zilichoka kunitafuta. Sikujua kama hekalu lilisimama au lilivunjwa, na nawaambia kweli, nilipita mara nyingi mbele ya ukuta ulioinama nikajiuliza.

Ndipo mwishoni mwa miaka ya sabini nikachaguliwa, mimi kati ya wengi, kwenda Uswidi na ujumbe wa kutazama nyumba za mbao. Siku ya mapumziko nilivaa suti nikaenda Farsta. Dukani nilimkuta msichana wa Kiswidi, pua yake iko ndani ya waridi. Akaniambia mama yule amestaafu, amehamia Alby. Nikapanda treni ya laini nyekundu. Kwenye ngazi za jengo lake akina mama walikuwa wakiita watoto kwa lugha ambazo sikuzijua, na watoto wakijibu kwa Kiswidi.

Alifungua mlango. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alinitazama kuanzia viatu.

"Putha! Umenenepa. Diploma inalisha."

"Inalisha, Mama. Shikamoo." Neno hilo tulimfundisha zamani.

"Marahaba. Vua viatu."

Kochi lilikuwa linatazama ukuta mtupu. Sikuweza kungoja kahawa. "Mama, walilivunja?"

"Waliivunja," alisema. Kisha akacheka jinsi alivyokuwa akicheka. "Saruji. Mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Waligombana kwanza mpaka karibu wapigane, ndiyo maana jibu lilichelewa. Nusu ya kijiji walitaka saruji, nusu walitaka mchoro wa Mwafrika. Mwisho wakajenga ukumbi wa saruji pembeni, una taa za rangi, ng'ambo ya mto wamenyamaza. Na la zamani wakaliachia upepo. Kuku wamerudi."

"Na ule mstari ulioandika chini ya mchoro wangu?"

"Niliwaandikia kwamba nakuja. Mzee hawezi kuja halafu akute kiwanja."

Alikuwa amepanda ndege, amefumba macho kutoka Stockholm hadi Kolombo. Akanipa picha. Ilionyesha mgongo wa mwanamke wa sari nyeupe ameketi chini kwenye mlango mdogo, karibu na ukuta. Uso haukuonekana.

"Hapo ni nani?"

"Mimi! Ulitaka nimpe Budha mgongo ili wewe uone meno yangu?"

Nilitazama ule ukuta. Mayungiyungi yalikuwa ya rangi kali ya waridi, rangi ya dukani. Nilipomwonyesha, alitikisa kichwa. Kamati ilikuwa imepaka upya, na lile jani lililokosewa wamelisahihisha. "Nilikasirika siku nzima. Halafu nikakumbuka bibi yangu naye alikuwa akiwalaani waliopaka yale ninayoyapenda mimi."

Alileta kahawa, na pamoja nayo sinia. Hekalu lililokuwa juu yake nililijua mara moja. Lilikuwa limekuwa jeusi kidogo, na upande ulioinama umeegemea kizibo cha chupa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Yule mdogo nilimbeba," alisema. "Kwetu sanamu zilizozeeka huwekwa chini ya ule mti mtakatifu, nyuma ya hekalu. Nikamweka hapo. Asubuhi sisimizi walikuwa wamemmaliza." Akavunja kipande cha paa kwa ngumi. Kilitoa sauti ya kigae. "Sasa ni biskuti. Mwambie Wambui, ukimwona, kwamba nilimngoja. Chovya kwenye kahawa, utavunja meno."

Tukala hekalu, yeye na mimi, polepole. Ladha ya tangawizi ilikuwepo bado. Akanisimulia kwamba alipomaliza kuweka maua, akatoka nje, kulikuwa na ua moja jeupe lenye moyo wa njano limeanguka mchangani. Ua lililoanguka halitolewi. Akaliokota.

"Nikalinusa," alisema. "Miaka yote ile nauza, sikujua nauza nini."

Nilipoaga alitoka kwenye roshani, akakata waridi moja kwenye chungu, akanipa. Nililishika kwa mkono ulionyooka, uso nikaugeuzia ngazi, nikabana pumzi kama alivyonifundisha bila kunifundisha.

"Putha," alisema. "Hilo ni lako. Nusa."